Ordet: filamu haina kosa, waliotukodisha ndio wenye kosa

Nyota moja, na hiyo moja ni ya Carl Theodor Dreyer, mwongozaji wa filamu hii ya Denmaki, si ya app iliyonikodisha. Jina lao siliandiki, wakisoma watajijua. Nimelipia Ordet, nikapewa picha safi ya nyeusi na nyeupe, mikunjo ya aproni ya Inger unaweza kuihesabu, upepo unaolaza nyasi za Jutland unauona kabisa. Halafu maandishi ya chini, hayo tunayoyaita sabtaito, yakaanza kukimbia mbele ya watu wanaozungumza. Mwanzoni kidogo. Baadaye sana. Kufika mwisho yalikuwa yametangulia kwa karibu dakika tano. Dakika tano! Filamu nzima, dakika zote 126, inamsubiri mtu mmoja atamke sentensi moja mbele ya jeneza, na hawa jamaa wakaitandaza sentensi hiyo kwenye kioo dakika kadhaa kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Na si kwamba ni tatizo la ajabu lisilo na dawa. Yeyote aliyewahi kushika kazi ya maandishi ya filamu analijua. Filamu ya sinema hukimbia fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, na huku mtandaoni mara nyingi ni 23.976. Televisheni za Ulaya za mfumo wa PAL zilikimbia fremu 25. Kwa hiyo zamani filamu ilipohamishiwa kwenye DVD ya Ulaya iliharakishwa kidogo, kama asilimia 4, na Ordet ya dakika 126 ikashuka hadi dakika 121 hivi. Maandishi yaliyotengenezwa kwa DVD hizo yakapangwa kwa saa ya dakika 121. Hapo hakuna ubaya wowote. Ubaya ni mtu kuchukua faili hilo akalibandika juu ya picha ya dakika 126, akatazama dakika mbili za mwanzo, akaona mambo yanakwenda, akalipachika hewani.

Fanya hesabu. Dakika ya 10, maandishi yametangulia kama sekunde 25. Dakika ya 60, yametangulia dakika mbili na nusu hivi. Dakika ya 120, ni dakika tano kasoro sekunde chache. Kosa linakua kadiri filamu inavyosonga, ndiyo maana anayekagua mwanzo peke yake hatalikamata hata siku moja. Anayekagua mwisho atalikamata ndani ya sekunde kumi. Hakuna aliyekagua mwisho. Hilo tu ndilo ninalowalaumu, na linatosha.

Sasa kinachonikera zaidi ni kwamba katika filamu zote duniani walichagua kuifanyia hivi filamu ambayo mtazamaji mgeni hawezi kuligundua kosa mapema. Ingekuwa filamu ya mapigano ungeshtuka mara moja: mtu anafoka, chini hakuna kitu. Lakini Ordet ina vipande 114 tu vya picha kwa urefu wote huo, yaani kwa wastani kamera inakaa zaidi ya dakika nzima bila kukatwa, ikiteleza polepole chumbani kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Wahusika wanazungumza taratibu, na mara nyingi hawatazamani. Mmoja kakaa na kiko chake, mwingine kasimama karibu naye anaangalia pembeni, na maneno yanatoka kama yanasemwa kwa ukuta. Dreyer alitaka hivyo. Basi ukiona sentensi chini na hakuna mdomo unaocheza, unajiambia labda ndio mtindo wenyewe, labda ni mawazo ya mtu. Nina hakika wako waliotazama hadi mwisho wakatoka wakisema filamu za Denmaki ni ngumu. Ngumu wapi! Wamesomeshwa mazungumzo ya chumba kingine.

Mfano ni mazungumzo ya kahawa. Mzee Morten Borgen, mwenye shamba la Borgensgård, hataki mwanawe mdogo Anders amwoe Anne, binti wa Peter fundi cherehani. Wote Walutheri, Biblia ni ileile, lakini Borgen ni wa mkondo wa Grundtvig, ukristo wa nyimbo na furaha ya maisha, na Peter ni wa Indre Mission, watu wa toba na wokovu. Aliyekulia penye ugomvi wa walokole na waumini wa kawaida hahitaji kuelezwa. Inger, mke wa Mikkel mwana mkubwa wa Borgen, anamwendea baba mkwe wake kwa ujanja mtamu: anamwekea kahawa, anamsifu, anamwacha avute kiko, anazunguka zunguka mpaka anafika kwenye jambo lenyewe. Raha yote iko kwenye kupishana kwa maneno. Mzee anajua anachezewa, Inger anajua kwamba mzee anajua. Maandishi yakitangulia kwa karibu dakika nzima, ombi linasomeka kabla kahawa haijafanya kazi yake, na mzee anaonekana amekasirika juu ya kitu ambacho kwenye sauti bado hakijaulizwa. Tukio lote la akili linakuwa watu wawili na birika.

Kwa Peter ni vibaya zaidi. Borgen amekwenda mwenyewe kugombea heshima yake, baada ya kusikia kwamba fundi cherehani amemkataa mwanawe. Wazee wawili wanaoneshana nani mwenye imani ya kweli. Simu inalia: Inger ameshikwa na uchungu na hali yake ni mbaya. Ndipo Peter anamwambia mwenzake neno zito ajabu, kwamba kama ni kwa kufiwa ndipo Borgen atamrudia Mungu, basi na iwe hivyo. Mzee anamvamia. Kwenye nakala hii neno hilo lilishapita chini zaidi ya dakika mbili nyuma, wakati bado wanabishana juu ya ndoa. Simu inapolia chini kuna maneno ya mtu anayeaga. Kwa asiyejua Kidenmaki, mzee anamrukia mwenzake bila sababu.

Na usiku wa kujifungua, hapo ndipo niliposhika kichwa. Daktari na mkunga wako na Inger, nyumba imekaa kimya, kuna ile sauti yake ya kugumia ambayo haikuigizwa: Birgitte Federspiel, anayemwigiza, alikuwa mjamzito kweli wakati ule na Dreyer alipewa ruhusa ya kurekodi sauti za uchungu wake halisi. Mikkel anatoka kumwambia baba yake kuhusu mtoto. Alikuwa wa kiume, kama mzee alivyotamani. Yuko kwenye ndoo, vipande vinne. Sentensi hii Dreyer ameiweka isemwe kwa sauti ya chini, bila muziki, bila kamera kukimbilia uso wa mtu. Yote iko kwenye wakati. Na sisi tuliisoma karibu dakika tatu kabla, daktari bado yuko kazini, mtu bado ana tumaini. Wamemuua mtoto kabla ya saa yake. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa kwenye kioo.

Nikawaandikia. Nikawaeleza fremu 25 na 23.976, nikawapa dakika za kuangalia, nikawaambia dawa ni kazi ya muda mfupi tu. Jibu lilikuja limejaa adabu: mpendwa mteja, filamu hii ni ya mwaka 1955, tunaomba uelewe kuwa filamu za zamani huwa na hitilafu ndogondogo, tafadhali hakikisha intaneti yako ina kasi ya kutosha. Intaneti! Intaneti ikiwa dhaifu picha inaganda na maandishi yanaganda nayo, hayaondoki yakaiacha picha nyuma kwa mwendo wa hesabu kamili. Na hitilafu ya 1955 ni ipi? Mwaka 1955 filamu hii ilichukua Simba wa Dhahabu kule Venice. Haikupewa ikiwa na faili lenu.

Nikajibu, safari hii kwa ufupi. Mwingine akaniambia mimi ndiye mteja pekee aliyelalamika, na kwamba "wateja wengine wanaifurahia". Kisha nikatumiwa pointi za kukodi filamu nyingine. Sikuomba pointi. Niliomba mtu mmoja afungue faili moja.

Hasira inazidi ukikumbuka ni kazi ya nani iliyochezewa. Kaj Munk, mchungaji wa Vedersø magharibi mwa Jutland, aliandika tamthilia hii mwaka 1925. Dreyer aliiona jukwaani mwaka 1932, akakaa nayo moyoni zaidi ya miaka ishirini mpaka akaipata nafasi, na picha za nje akaenda kuzipigia huko huko Vedersø. Munk hakuwahi kuiona, Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimuua Januari 1944. Kwa jiko la Inger inajulikana kuwa Dreyer alileta vyombo vyote vya jiko la shambani, halafu akaanza kuviondoa kimoja kimoja mpaka vikabaki vichache vinavyotosha kumwambia mtazamaji hapa ni jikoni. Mtu anayepima sufuria kwa namna hiyo, unamwekea maandishi yaliyokosewa kwa asilimia 4 na unamwambia mteja hitilafu ndogo.

Kwa anayetaka kukodi popote pale, si kwao tu, angalia mambo mawili kabla dirisha la kudai hela yako halijafungwa. La kwanza ni urefu. Ikiandikwa dakika 126 au 125, picha iko kwenye mwendo wake. Ikiandikwa 121 au 120, imeharakishwa, na sauti imepanda karibu nusu noti, jambo ambalo kwa Johannes lina maana kubwa, nitalifikia. La pili, usikague mwanzo. Vuta mbele hadi dakika ya 60 na utafute jina. Majina hayahitaji mkalimani: ukisikia mtu anasema Inger au Johannes au Anders, jina hilo liwe chini wakati huohuo. Halipo? Rudi nyuma dakika mbili na nusu. Ukilikuta huko, ugonjwa ni huuhuu.

Mwenye diski yake halali na faili la maandishi lililokosewa namna hii anaweza kulitibu mwenyewe. Kusogeza kwa vitufe vya G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea video, hakusaidii, kwa sababu vinahamisha maandishi yote kwa kiasi kilekile. Utapatanisha dakika ya 40, ya 80 itakuwa imekwisha potea. Kinachotakiwa ni kuyanyoosha. Programu ya bure ya Subtitle Edit ina sehemu ya kubadili kiwango cha fremu: weka kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi kwa jina jipya, ufute lile la zamani usije ukalichanganya. Kinachofanyika ndani ni kuzidisha kila saa kwa 1.0427, kwa hiyo sentensi iliyokuwa saa 1:00:00 inahamia 1:02:34. Baada ya hapo kagua sehemu mbili zilizo mbali, ya mwanzo na ya mwisho. Zikipishana kwa sekunde zilezile, sasa ndipo G na H zinafaa. Zikipishana kwa viwango tofauti, faili lilikuwa la toleo jingine kabisa na usipoteze usiku wako. Kwenye app ya kukodi, bila shaka, hakuna kitufe hata kimoja cha haya. Unakaa unatazama.

Hapa inabidi niseme jambo litakalowafurahisha wasiostahili. Karibu na mwisho niliyazima maandishi. Nilikuwa nimechoka nayo. Na filamu ikanyanyuka.

Anayekwepa kuambiwa mwisho aruke aya mbili. Inger amekufa. Jeneza liko wazi kwenye chumba cheupe, mwanga wa dirishani umejaa kila mahali. Peter amekuja na mkewe na binti yao, amesalimu amri, anampa Anders mkono wa Anne. Mikkel, yule asiyeamini, anavunjika kabisa. Johannes, yule mwana aliyesoma theolojia na mwanafalsafa Kierkegaard mpaka akajiona yeye ndiye Kristo, anaingia. Filamu nzima mwigizaji wake, Preben Lerdorff Rye, amekuwa akimsemesha kwa sauti nyembamba ya kuburuta, kama mtu anayesoma liturujia usingizini. Sasa anaongea kama mtu. Sauti imeshuka, imekuwa ya kawaida, na kabla hujaelewa neno lolote unajua kwamba akili imemrudia. Hili hata maandishi yakiwa sahihi hayakupi, ni la sikio. Ndiyo maana nilisema nakala iliyoharakishwa inapunja: ukipandisha kila sauti, huo mshuko unapungua uzito.

Kisha Maren, mtoto wa Inger, anamshika mkono baba yake mdogo. Watu wazima chumbani wote ni waumini wa aina fulani, na hakuna hata mmoja aliyemwomba Mungu amrudishe Inger. Mtoto ndiye anamhimiza Johannes afanye haraka. Johannes anatamka. Kamera inabaki kwenye jeneza. Vidole vya Inger vinaanza kulegea, polepole mno, unadhani macho yako yamechoka. Mikkel anamwinua, na anavyomkumbatia mumewe si kwa utulivu wa malaika, ni kwa njaa ya mtu aliye hai, mdomo umebanwa shavuni. Saa ya ukutani iliyokuwa imesimamishwa inaanzishwa tena. Neno la mwisho analorudia Inger, livet, uhai, hata bila tafsiri unalipata.

Kwa hiyo je, nibadilishe nyota? Nilifika mpaka kwenye nne. Picha yao, nasema tena, ni nzuri kweli, na ina umbo lake la asili la karibu mraba, hawakuikata juu na chini ili ijaze televisheni pana kama wanavyofanya wengine. Giza la chumbani usiku ule lina ngazi zake zote: mwanga wa gari la daktari unapopita ukutani, na Johannes kudai ni yule mwenye kuja kuchukua roho, unauona mwanga ukitambaa, haukumezwa na weusi. Nakala nyingi mbovu zinaupoteza. Kuna mtu hapo ofisini kwao anayejua kazi. Na yupo mwingine asiyejua, na wa tatu wa kujibu barua.

Lakini kusema filamu inasimama bila maandishi ni kuwapa kisingizio, na naona wanavyokipokea. Hapana. Inasimama bila maandishi kwa dakika chache za mwisho kwa mtu ambaye tayari anajua nani amesema nini. Mchungaji na daktari wanapokunywa kahawa wakijadili miujiza, mchungaji akieleza kuwa Mungu anaweza ila siku hizi hafanyi, daktari akimchokoza Borgen kipi kimesaidia zaidi, sala au yeye, hayo ni maneno matupu, mazuri sana, na bila kuyasoma kwa wakati wake huna kitu. Mikkel anapojibu, akiambiwa roho ya Inger iko kwa Mungu, kwamba yeye aliupenda na mwili wake pia, sentensi ile inabeba nusu ya mwisho wa filamu. Anayeisoma dakika nne na zaidi mapema, juu ya uso wa mtu mwingine, ataona mwisho ni muujiza wa kanisani basi. Ndugu zangu, si hivyo tu.

Mwenye uwezo anunue diski: Criterion ya Marekani na BFI ya Uingereza waliitoa. Aliyekwisha kuilipia kwenye hii app na muda wa kudai umepita, aende na maandishi mpaka dakika ya 20 hivi ambapo bado yanafuatika kwa taabu, kisha ayazime, atafute muhtasari wa tamthilia asome kwanza, halafu aendelee kwa masikio. Ataiona robo tatu ya filamu. Bei waliyotoza ni ya nzima.

Nimeifungua tena kabla ya kuandika haya, nikaenda moja kwa moja dakika ya 60, nikasubiri jina. Bado liko dakika mbili na nusu nyuma. Nyota inabaki moja.